Ng'ombe 24, vipimo 229, na programu tatu zimenipa majibu matatu: nishike lipi?

#1 MwanaTukuyu
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, wiki ya pili hii silali vizuri kwa sababu ya tasnifu.

Nimefuatilia ng'ombe chotara 24 wa wafugaji wadogo huku Rungwe kwa wiki 10. Kila Jumatano nilipima maziwa ya asubuhi na ya jioni, nikajumlisha. Nusu ya wafugaji walilisha kama kawaida yao: guatemala, majani ya tembo, migomba. Nusu waliongezewa mashudu ya alizeti na pumba. Swali langu ni moja tu: mashudu yameongeza maziwa au hayakuongeza?

Ningetakiwa kuwa na vipimo 240, ninavyo 229. Ng'ombe wawili hawakufika mwisho, na kaya mbili mvua ilinizuia siku moja moja.

Nilianza na rigresheni ya kawaida, p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu) ikatoka 0.0003, nikafurahi. Msimamizi wangu akairudisha na sentensi moja kwa kalamu nyekundu: "Umemhesabu ng'ombe mmoja mara kumi. Weka athari nasibu." Basi nikaingia R, programu ya takwimu, nikatumia amri yake ya lmer. Haikunipa p kabisa, halafu ikatoa onyo lenye neno "singular". Nikahamia SPSS, p ikawa 0.04 na onyo jingine. Rafiki yangu akaniendeshea kwenye Stata, 0.01. Data ni zile zile! Lipi ni jibu la kweli?

#2 Pembeni
Mkuu usijitese. Kuna ANOVA (njia ya kulinganisha wastani wa makundi) ya vipimo vya kurudiarudia, ipo kwenye SPSS tangu enzi na enzi. Weka wiki kumi kama safu kumi, bonyeza, soma jedwali. Kama jaribio la Mauchly, linalokagua kama tofauti kati ya wiki zimetawanyika kwa usawa, limekataa, soma mstari wa Greenhouse-Geisser, wenye p iliyorekebishwa. Sisi tulimaliza hivyo na tukahitimu.

#3 BiTakwimu
Pembeni, njia hiyo ina heshima yake, Mauchly ni wa 1940 na Greenhouse na Geisser ni wa 1959, lakini kwa data hizi itamuumiza. ANOVA ya namna hiyo ikikuta ng'ombe amekosa wiki moja tu, inamtupa ng'ombe mzima na wiki zake tisa nzuri. MwanaTukuyu atapoteza ng'ombe hadi wanne kwa ajili ya vipimo 11. Modeli yenye athari nasibu inatumia kila kipimo kilichopo.

MwanaTukuyu, msimamizi wako yuko sahihi. Fikiria ng'ombe wawili. Mmoja anatoa lita 12, mwingine 6. Wiki ijayo yule wa 12 atatoa 11 au 13, wa 6 atatoa 6 na nusu. Ukishampima mara ya kwanza, kipimo cha pili unakijua tayari kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo kipimo cha pili si habari mpya nzima, ni sehemu tu ya habari. Rigresheni ya kawaida ilichukua vipimo 229 kama ng'ombe 229 waliotoka vijiji 229. Ndiyo maana p ilikuwa ndogo vile.

Athari nasibu ya ng'ombe maana yake ni kumwambia kompyuta: kila ng'ombe ana kianzio chake, juu au chini ya wastani, na vianzio hivyo vimetawanyika kwa kiasi fulani ambacho nataka unikadirie.

#4 Kokotoa
Nyongeza kwa Bi Takwimu, kwa sababu wengi wanakariri kwamba ukiweka athari nasibu p zote zinapanda. Si zote. Lishe inalinganisha ng'ombe na ng'ombe, kwa hiyo p yake itapanda. Lakini wiki inamlinganisha ng'ombe na yeye mwenyewe, na hapo tofauti ya ng'ombe na ng'ombe imeshaondolewa njiani. Mara nyingi p ya wiki itashuka. Rigresheni ya kawaida inakosea pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Weka hapa amri ulizoandika na matokeo yote, si p tupu.

#5 MzeeWaJedwali
Kijana, mimi nimefanya kazi hii kwenye programu ya SAS kabla R haijafika ofisini kwetu. Nikuulize: ulitaka RANDOM au REPEATED? Ni sentensi mbili tofauti ndani ya PROC MIXED, amri ya SAS ya modeli hizi. RANDOM inasema ng'ombe wanatofautiana. REPEATED inasema masalia (tofauti ya kipimo na kile modeli ilichokadiria) ya ng'ombe mmoja yanashikana kwa muda, wiki ya 3 inafanana na ya 4 kuliko inavyofanana na ya 9. Wewe una vipimo vya kila wiki. Kwako ni REPEATED, muundo wa AR(1), ambao mshikamano unapungua kadiri wiki zinavyoachana. Hiyo lmer haina kitu hicho.

#6 KijanaWaR
Shikamoo Mzee. Ni kweli lmer haina, lakini R inayo: lme ya kifurushi cha nlme inapokea corAR1, na glmmTMB nayo ina ar1. Tusiilaumu R yote kwa ajili ya kifurushi kimoja.

Na kuhusu p kutoonekana, hiyo si hitilafu. Douglas Bates, mmoja wa waandishi wa lme4, kifurushi chenye lmer, alieleza mwaka 2006 kwamba kwa modeli hizi, hasa data zisipokuwa sawia, hakuna uhakika wa digrii za uhuru (idadi ya habari huru zinazotumika kukokotoa p), kwa hiyo hataki kuandika namba asiyoiamini. Ukiitaka, pakia lmerTest kabla ya kuendesha, utapata digrii zilizokadiriwa kwa njia ya Satterthwaite. Ukitaka za Kenward na Roger, wale wa 1997, unahitaji pia pbkrtest.

MwanaTukuyu, kabla ya ng'ombe wako jizoeze na data ya sleepstudy, inakuja na lme4 yenyewe. Watu 18, siku 10, vipimo 180 vya muda wa kuitikia ishara, walinyimwa usingizi siku zote hizo. Kila siku inaongeza kama milisekunde 10 na nusu. Ukiielewa hiyo umeelewa yote.

#7 Kokotoa
KijanaWaR, sahihisho dogo. Hawakunyimwa usingizi siku zote kumi. Siku mbili za kwanza zilikuwa za kuzoea na kufunzwa, siku iliyofuata ndiyo kianzio, ndipo wakaanza kulala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku. Kwa hiyo mstari mnyoofu unaoanzia siku ya 0, ambao kila mafunzo yanauonyesha, unachanganya vipindi viwili. Nalitaja kwa sababu linamhusu mwenye uzi pia: je, ng'ombe wako walianza mashudu siku ile ile uliyoanza kupima?

#8 MwanaTukuyu
Asanteni sana wote. @Kokotoa hapana, nilisubiri wiki mbili wazoee lishe ndipo nikaanza kupima. Wiki ya 1 ni ya kwanza baada ya hapo.

Amri yangu ya R:

lmer(maziwa ~ lishe*wiki + (1|kaya) + (1|ngombe))

Chini ya jedwali imeandika vipimo 229, kaya 16, ngombe 2. Variansi (kiasi cha kutawanyika) ya ngombe ni 0. SPSS nilijaza sanduku la Repeated kwa wiki, nikachagua compound symmetry, halafu nikaweka na kianzio nasibu cha ng'ombe. Ya Stata sijui alifanyaje.

#9 BiTakwimu
SIMAMA HAPO. "ngombe 2"?

#10 NapiaEldoret
Nimecheka kidogo, pole ndugu yangu. Una ng'ombe 24 na R inaona wawili. Wamekwenda wapi wale 22?

#11 BiTakwimu
Bila shaka umewapa namba upya katika kila kaya. Kaya ya kwanza ng'ombe wa 1 na wa 2, kaya ya pili tena wa 1 na wa 2. R haijui kwamba ng'ombe wa 1 wa kwa mama fulani si ng'ombe wa 1 wa kwa jirani. Imewaunganisha "wa 1" wote wakawa mnyama mmoja mwenye kwato katika kaya 16. Fungua daftari lako uthibitishe.

Dawa ni (1|kaya/ngombe), maana yake ng'ombe yumo ndani ya kaya. Au bora zaidi, mpe kila ng'ombe namba yake ya pekee kwenye faili lenyewe, 101, 102, 201, ili hata ukihamia programu nyingine usirudie kosa.

#12 Kokotoa
Na onyo la SPSS linaelezeka. Kianzio nasibu na compound symmetry ni kitu kimoja kilichovaa nguo mbili. Vyote vinasema vipimo viwili vyovyote vya ng'ombe mmoja vinashikana kwa kiasi sawa. Ukiviweka pamoja, kompyuta haiwezi kujua kiasi gani iweke huku na kiasi gani kule. Chagua kimoja.

(Tofauti yao ni kwamba compound symmetry inaweza kukubali uhusiano hasi, ila kianzio nasibu hakiwezi, kwa kuwa variansi haishuki chini ya 0. Kwa maziwa hilo halikuhusu.)

Stata sasa. Amri ya mixed usipoiambia kitu inatumia ML, njia ya ukadiriaji ya uwezekano wa juu kabisa, wakati lmer, PROC MIXED na MIXED ya SPSS zinaanza na REML, ndugu yake iliyorekebishwa. ML inakadiria variansi chini kidogo kwa sababu haihesabu kwamba umeshatumia data kukadiria wastani. Ukiwa na maelfu hutaona tofauti, ukiwa na kaya 16 utaiona. Tena Stata inakupa z badala ya t mpaka umwombe digrii za uhuru. SPSS inatoa za Satterthwaite zenyewe. Programu hazijakosana. Kila moja imeulizwa swali lake.

#13 DaktariWaZizi
Mimi ni daktari wa mifugo, takwimu si fani yangu, ila nasoma uzi huu nashangaa hakuna aliyeuliza ng'ombe walizaa lini. Ng'ombe akizaa, maziwa yanapanda, yanafika kilele kama wiki ya 4 hadi ya 8, kisha yanateremka taratibu miezi kadhaa. Ng'ombe wako 24 hawakuzaa siku moja. Wiki yako ya 1 kwa mmoja ni wiki ya 3 tangu azae, anapanda. Kwa mwingine ni mwezi wa saba, anaelekea kukaushwa. "Wiki" yako ni kalenda ya mtafiti. Ng'ombe ana kalenda yake.

#14 MzeeWaJedwali
Daktari amesema neno zito. Lakini hilo ndilo AR(1) inalolishika.

#15 BiTakwimu
Mzee, kwa heshima, hapana. Ukiwalazimisha ng'ombe wote wapite kwenye mstari mmoja mnyoofu, halafu mmoja anapanda na mwingine anashuka, masalia yao yataonekana yanashikana wiki kwa wiki. AR(1) itakuja kuziba. Lakini kinachozibwa si mshikamano, ni umbo la wastani ulilokosea. Weka siku tangu kuzaa ndani ya modeli kwanza, kisha tazama masalia kama bado yanahitaji AR(1).

#16 KijanaWaR
Au mpe kila ng'ombe mteremko wake, (wiki|kaya:ngombe). Wanaopanda wapande, wanaoshuka washuke.

#17 Kokotoa
Ng'ombe 24 kwa vipimo kama 10 kila mmoja, mteremko nasibu unawezekana. Lakini angalia: mteremko nasibu nao unafanya vipimo vya karibu vifanane kuliko vya mbali. AR(1) nayo hivyo hivyo. Na umbo lililokosewa hivyo hivyo. Tuna maelezo matatu ya jambo moja, na wiki 10 ni chache mno kuyatenganisha vizuri.

#18 DaktariWaZizi
Wa nne huu hapa: hali ya hewa. Rungwe mvua ikinyesha wiki nzima majani yanakuwa maji matupu, ng'ombe wote wanashuka pamoja. Hiyo haitoki ndani ya ng'ombe, inatoka juu.

#19 KijanaWaR
Hiyo nayo ina mahali pake: (1|wiki), athari nasibu ya wiki inayowapiga wote. Ng'ombe na wiki zinakatana, hakuna iliyo ndani ya mwenzake. lmer inaiweza vizuri kuliko nlme. Tena ukiiweka unaweza kubakisha mstari wa wiki kama namba, halafu mirindimo ya juu na chini ikaenda kwenye nasibu.

#20 Msomi_Mwanza
Nashukuru kwa uzi huu jamani. Mimi data zangu ni uzito wa watoto wa kliniki, kadi zao. Mtoto anatakiwa kuja kila mwezi, lakini mama anakuja akipata nafasi. Kwenye AR(1) niliweka mahudhurio ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwezi mzima nilikuwa naona matokeo ya ajabu mpaka mwenzangu akaniuliza: kati ya hudhurio la pili na la tatu zilipita siku ngapi? Kwa mtoto mmoja siku 28, kwa mwingine 140. AR(1) ya kawaida inadhani hatua zote ni sawa. Ilibidi nihamie muundo unaotumia umbali halisi wa siku, kwenye nlme unaitwa corCAR1. Mwenye uzi, wewe una Jumatano zako, lakini zile kaya mbili za mvua ukiziandika vibaya, wiki ya 5 itahesabiwa ya 4.

#21 Pembeni
Samahani natoka nje kidogo. Hii modeli ya athari nasibu nani aliianzisha? Maana mwalimu wetu alisema Laird na Ware, 1982.

#22 MzeeWaJedwali
Laird na Ware ndio walioipeleka vizuri kwenye vipimo vya kurudiarudia vya watu, mwaka huo huo 1982, kwenye jarida la Biometrics. Lakini modeli yenyewe ni ya zizini! Charles Henderson wa Cornell alikuwa anatafuta fahali gani ana binti wenye maziwa mengi. Fahali hakamuliwi, kwa hiyo unamkadiria kwa mabinti waliotawanyika mashamba tofauti, yenye malisho tofauti. Milinganyo yake ni ya kuanzia 1950. Halafu REML ikaja kwa Patterson na Thompson, 1971. Kijana wa Tukuyu ameirudisha modeli nyumbani kwake.

#23 NapiaEldoret
Mzee leo umenifurahisha. Kumbe ng'ombe ndiye mwalimu.

Nikirudi kwa mada: huku kwetu nilipima maziwa ya ng'ombe wa gredi kwa mfugaji mmoja, kila siku yanatoka lita 8, 8, 9, 8 kamili. Nikamuuliza mbona hakuna nusu? Kumbe ana jagi la lita moja na anahesabu majagi. Mabaki anampa ndama. Masalia yangu yalikuwa na ngazi ngazi kama za nyumba. MwanaTukuyu, wewe ulipimaje?

#24 MwanaTukuyu
Nilipima kwa mizani ya kuning'iniza, nikatoa uzito wa ndoo. Ila ndama... kaya zingine ndama ananyonya chuchu moja, zingine anapewa kwa ndoo. Hilo sikuliandika kila mahali.

Nimerekebisha namba za ng'ombe. Bi Takwimu uliona kweli, nilikuwa nimeandika 1 na 2 kila kaya. Sasa R inasema kaya 16, ng'ombe 24. Variansi ya ng'ombe 4.0, masalia 1.5, na ya kaya 0. Onyo la singular limerudi tena! Je, nitoe kaya?

#25 Kokotoa
Tazama hizo namba kwanza, ni nzuri. 4 gawanya kwa 5.5 (yaani 4 na 1.5) ni 0.73. Huo ndio mshikamano wa vipimo viwili vya ng'ombe mmoja. Ukipiga hesabu ya harakaharaka, 1 ongeza 9 (wiki 10 toa 1) mara 0.73 unapata kama 7.5, kisha gawanya vipimo kwa hiyo. Kwa swali la lishe, vipimo 240 vya namna hiyo vina uzito wa vipimo huru 32 hivi. Vyako 229 havipishani na hapo. Mwonyeshe msimamizi, ndicho alichokuwa anakuambia kwa kalamu nyekundu.

Kuhusu kaya: kaya 16, ng'ombe 24. Kaya ngapi zina ng'ombe wawili?

#26 MwanaTukuyu
Nane zina wawili, nane zina mmoja mmoja.

#27 Kokotoa
Basi. Tofauti ya kaya na tofauti ya ng'ombe unaitenganisha kwa jozi nane tu. Kwenye kaya ya ng'ombe mmoja haijulikani kama maziwa ni ya ng'ombe au ya mkono wa mama anayemlisha. Sifuri hiyo haisemi kaya zote zinafanana. Inasema data hazina nguvu ya kuona.

#28 KijanaWaR
Kwa hiyo aitoe. Modeli yenye kitu kilichokadiriwa sifuri na modeli isiyokuwa nacho zinatoa makadirio yale yale. Kuibakiza ni kubeba mzigo wa bure.

#29 BiTakwimu
Subiri kwanza. MwanaTukuyu, mashudu uliyagawa vipi? Kwa ng'ombe au kwa kaya?

#30 MwanaTukuyu
Kwa kaya, dada. Nilijaribu mwanzoni kumpa ng'ombe mmoja mashudu na mwenzake majani kwenye banda moja. Mama mwenye ng'ombe aliniambia, "Mwanangu, huyu atalia usiku kucha akisikia harufu ya pumba kwa mwenzake." Na kweli siku ya pili niliwakuta wote wanakula mashudu. Nikabadilisha, kaya nane mashudu, kaya nane majani.

#31 BiTakwimu
Nilijua. Basi kilichogawiwa lishe ni kaya. Kwa swali lako huna vipimo 229, wala ng'ombe 24. Una kaya 16, nane kwa nane. Digrii za uhuru za lishe ni 14. Ukiitoa kaya, au ukimwachia Satterthwaite na variansi ya kaya ikiwa 0, utapewa kama 22, kana kwamba ulirusha shilingi kwa kila ng'ombe. KijanaWaR, makadirio ni yale yale, sawa, ila p haitakuwa ile unayostahili. Mimi naibakiza kwa sababu ndivyo jaribio lilivyofanyika, iwe sifuri isiwe sifuri.

#32 KijanaWaR
Naelewa hoja, na sikuwa najua mgao ulikuwa kwa kaya. Lakini wako wanaosema tofauti, na hoja zao si za kubeza: modeli ibebe kile data zinachoweza kukibeba. Barr na wenzake 2013 walisema weka athari nasibu zote zinazotokana na muundo wa jaribio, Bates na wenzake wakajibu 2015 kwamba modeli ikizidi data inaanguka. Mjadala huo haujaisha hata kwa wakubwa.

#33 MzeeWaJedwali
Wajukuu zangu, kuna njia ya kizamani. Chukua wastani wa kila ng'ombe, kisha wastani wa kila kaya. Unabaki na namba 16. Fanya jaribio la t, nane kwa nane. Karatasi moja, kalamu moja. Jibu lake likiwa mbali sana na la modeli yako, tafuta kwa nini kabla hujaandika neno kwenye tasnifu.

#34 Pembeni
Mzee hapo tumekubaliana wote leo, hata KijanaWaR.

#35 Kokotoa
Nakubaliana kama ukaguzi. Kama jibu la mwisho nina wasiwasi, kwa sababu ya wale wawili ambao hawakufika mwisho. Wastani wa ng'ombe aliyepimwa wiki tano za mwanzo si sawa na wastani wa wiki kumi, maziwa yanashuka kadiri wiki zinavyokwenda. Atapendelewa.

Na tahadhari kwa mwenye uzi: ukilinganisha modeli kwa AIC (alama ya kuamua modeli ipi inafaa zaidi), zile zenye lishe na zisizo na lishe, au zenye siku za kuzaa na zisizo nazo, ziendeshe upya kwa ML. AIC ya REML ilinganishe tu modeli zinazofanana upande wa athari zisizo nasibu. Nimeona tasnifu nyingi zikiangukia hapo.

#36 Msomi_Mwanza
Hapo kwa waliokosekana ndipo pananigusa. Watoto wangu waliopotea kliniki sio wale wale waliobaki. Wale wawili wa MwanaTukuyu walikwenda wapi? Walikufa?

#37 MwanaTukuyu
Hawakufa, waliuzwa. Mmoja baada ya wiki ya 5, mwingine baada ya wiki ya 6. Wote ni wa kaya za majani tu.

#38 Kokotoa
Waliuzwa kwa nini? Hili si swali la umbea. Kama mfugaji alimuuza kwa kuwa aliona maziwa yanapungua, na kupungua huko kumo kwenye vipimo vyako, modeli inalimudu, kwa sababu sababu ya kukosekana imeonekana kwenye data. Kama aliuzwa kwa jambo ambalo hukulipima, mfano ameanza kuugua kiwele jioni ile baada ya wewe kuondoka, modeli haina habari na haiwezi kukusaidia. Na kama ni ada ya shule ya mtoto, haina uhusiano na maziwa, lala usingizi.

#39 DaktariWaZizi
Na wote wawili kutoka upande wa majani! Kama waliuzwa kwa sababu ya maziwa kidogo, upande wa majani umebaki na ng'ombe wazuri. Tofauti ya lishe itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

#40 BiTakwimu
Kwa wastani wa juujuu ndiyo, Daktari. Kwa modeli yenye kianzio cha kila ng'ombe inarekebika kwa sehemu, kwa kuwa wiki zao za mwanzo bado zimo na zinaonyesha kwamba walikuwa wa chini. Hiyo ndiyo sababu nyingine sikutaka ANOVA ya Pembeni iwatupe.

#41 MzeeWaJedwali
Bado nasema AR(1).

#42 KijanaWaR
Mzee na AR(1) yake, hata mvua ya Rungwe haiwatenganishi.

#43 MwanaTukuyu
Wakuu nimerudi. Nimewapigia simu wafugaji wote leo kuuliza tarehe za kuzaa. Nimepata 21. Watatu wanakumbuka kwa matukio tu, mmoja anasema "wiki ya mazishi ya shemeji", natafuta tarehe hiyo kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Nimefanya ya Mzee pia, kaya 16 na jaribio la t: tofauti ni lita 1.6, p 0.09. Modeli yenye (1|kaya/ngombe) na digrii 14 inanipa 1.8, p 0.06. Sijaweka siku za kuzaa bado wala athari nasibu ya wiki.

Kuhusu wale waliouzwa: wa kwanza mama anasema aliuzwa kwa ada ya kidato cha kwanza. Wa pili simu inaita haipokelewi. Nimetazama daftari langu, wiki yake ya mwisho nimeandika kwa penseli pembeni, "amekataa kukamuliwa jioni", na kipimo cha siku ile nimekiandika cha asubuhi peke yake. Sasa kipimo hicho nikiache, nikiongeze mara mbili, au nikifute?

#44 DaktariWaZizi
Usiongeze mara mbili! Maziwa ya asubuhi na ya jioni hayalingani, asubuhi ni mengi kwa sababu usiku ni mrefu kati ya kukamuliwa na kukamuliwa. Na ng'ombe anayekataa kukamuliwa jioni mimi ningeshika kiwele kwanza. Ni chuchu gani alikuwa anaikinga, unakumbuka?

#45 MwanaTukuyu
Ya nyuma kushoto. Alikuwa anapiga teke kila ikiguswa.